Nyumba na Sheria: Saruji Ikishakauka, Muuzaji Ashike Nini?

Juma hili tunawaacha kando wale wanaojenga na kuvutana na mafundi wao, tugeukie kundi ambalo halitajwi sana katika kurasa za nyumbani, ingawa riziki ya nyumba nyingi za Kampala hutoka kwalo. Hao ni wauzaji wa vifaa vya ujenzi: mwenye duka la nondo na misumari kule Nakasero, muuza mbao wa Ndeeba, mwenye lori la mchanga unaochotwa Lwera, na mama aliyechukua mkopo wa chama cha akiba ili afungue stoo ya saruji na mabati kando ya barabara ya Entebbe. Watu hawa hukopesha. Asiyekopesha hauzi, maana jirani yake atakopesha. Na siku deni lisipolipwa, wazo la kwanza linalowajia ni lile lile: "Nitakwenda kuyang'oa mabati yangu."

Yapasa tuseme mapema, bila kuzungukazunguka, kwamba hana ruhusa ya kuyang'oa.

Tuchukue mfano. Mama mmoja mwenye stoo amempa mkandarasi mifuko 300 ya saruji, nondo na mabati, kwa ahadi ya kulipwa baada ya siku 30. Mkandarasi anamjengea mtu nyumba huko Kira. Mwenye nyumba amekwisha kumlipa mkandarasi kila senti, lakini mkandarasi amezipeleka fedha hizo kumalizia kazi yake nyingine iliyokwama Mukono, kisha simu yake ikazimwa. Mama akifika Kira ataiona saruji yake imekuwa nguzo, nondo zake zimo ndani ya nguzo hizo, na mabati yake yanameta juani. Kila kitu kipo mbele ya macho yake, wala hakuna hata kimoja kilicho chake tena.

Uganda ilirithi kutoka Uingereza kanuni ya zamani isemayo kwamba kilichofungamanishwa na ardhi huwa ni sehemu ya ardhi. Bati likiwa juu ya lori ni bidhaa. Likishapigiliwa msumari juu ya kenchi ni nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Mama akipanda na nyundo atakuwa ameingia katika mali ya mtu bila ruhusa na kuiharibu kwa makusudi, na polisi watakaoitwa watamkamata yeye, siyo mkandarasi. Mwenye nyumba hana mkataba naye. Deni lake linabaki deni baina yake na yule aliyezima simu.

Jambo hili huwakera wengi kwa sababu wanajua kwamba mafundi wengine hawako hivyo. Fundi wa magari wa Katwe asiyelipwa halitoi gari gereji. Fundi wa saa huiweka saa katika kisanduku mpaka mwenyewe alete fedha. Sheria inawakubalia, na haki hiyo huitwa haki ya kushikilia mali. Lakini haki hii hukaa mkononi; kitu kikitoka mkononi, nayo imetoka. Muuza saruji hawezi kuishikilia nguzo, na mwashi hawezi kuichukua nyumba akailaze kwake.

Wako waliolitafutia jambo hili dawa. Mwaka 1791, mji mkuu mpya wa Marekani, Washington, ulipokuwa ndiyo kwanza unaanza kupimwa na kujengwa, fedha zilikuwa chache na mafundi walihofu kufanya kazi kwa mkopo. Bunge la jimbo la Maryland likatunga sheria ya kuwapa mafundi haki juu ya jengo lenyewe: asipolipwa, deni lake linaandikishwa juu ya nyumba na ardhi yake, na hatimaye mahakama yaweza kuamuru mali hiyo iuzwe ili alipwe. Majimbo mengine yalifuata. California iliiweka haki hiyo ndani ya katiba yake, na humo imo hata leo. Muuza vifaa wa huko asiye na mkataba na mwenye nyumba hutakiwa kumpelekea taarifa katika siku 20 tangu aanze kuleta vifaa, ili mwenye nyumba ajue nani yuko nyuma ya mkandarasi wake. Asipolipwa anaandikisha deni ndani ya siku 90 baada ya kazi kumalizika, au ndani ya muda mfupi zaidi iwapo mwenye nyumba ameandikisha rasmi kwamba kazi imekwisha. Akishaandikisha, ana siku nyingine 90 za kufungua kesi. Akizubaa, haki inapotea. Kwa majengo ya serikali hakuna ruhusa ya kuandikisha deni juu ya jengo, kwani nani atapiga mnada ofisi ya posta? Badala yake, sheria ya Marekani ya mwaka 1935 humlazimisha mkandarasi wa kazi kubwa za serikali kuu kuweka dhamana ya malipo, na wauzaji hudai hapo.

Mwenye nyumba naye ana malalamiko yake juu ya sheria hiyo, tena ya haki. Huenda akamlipa mkandarasi fedha zote, kisha akaletewa deni la saruji kana kwamba hajalipa kitu. Katika majimbo mengi ya Kanada wamepunguza balaa hilo kwa kumtaka mwenye nyumba azuie asilimia 10 ya kila malipo kwa muda uliowekwa, ili wasiolipwa wapate pa kudai. Mpango huo unanipendeza kuliko ule wa Marekani, kwa kuwa humlinda muuzaji bila kumtisha mjenzi.

Je, Bunge la Uganda liige? Wako wanaosema ndiyo, nami sina ubishi na nia yao. Lakini mtu anayesema hivyo yafaa kwanza atembee kutoka Kalerwe hadi Bwaise, atazame nyumba zimekaa juu ya ardhi ya nani. Sehemu kubwa ya Kampala ni ardhi ya mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900. Hati inashikwa na mtu mmoja, na juu ya ardhi hiyo hiyo wamo wenye vibanja, watu wanaokaa, kujenga na kurithisha kwa ulinzi wa Katiba ya mwaka 1995 na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, bila kuwa na hati. Nyumba ya mwenye kibanja ikijengwa kwa saruji ya mkopo, deni litaandikishwa wapi? Likiandikwa juu ya hati ya mailo, litakuwa limemtwika mwenye ardhi mzigo wa nyumba asiyoijua. Na kibanja chenyewe hakina ukurasa katika daftari la hati ambamo karani angeliandika deni hilo. Sheria ya namna ya Maryland ingewafaa wanaouza vifaa kwa majumba ya Kololo na Naguru yenye hati safi, lakini mama wa stoo, ambaye wateja wake wengi ni wa vibanja, ingempita juu kwa juu. (Watu wa Mombasa wanaijua hali inayofanana na hii kwa sura nyingine: huko mtu huweza kuwa na nyumba, akaiuza na kuirithisha, huku ardhi ni ya mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Kwa hiyo kanuni ya Waingereza kwamba nyumba hufuata ardhi haikutandazwa sawasawa hata hapa kwetu Afrika Mashariki.)

Basi tuache sheria isiyokuwapo, tutazame iliyopo, kwa maana ipo na ina meno, ila huuma kabla ya saruji kukauka.

Sheria ya Uganda ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma ya mwaka 2017, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya zamani ya kikoloni, inampa muuzaji asiyelipwa haki tatu. Ya kwanza ni kuushikilia mzigo ambao bado uko kwake. Ikiwa mlipatana fedha taslimu, au muda wa mkopo umekwisha, au mnunuzi amefilisika, huna wajibu wa kuutoa mpaka ulipwe. Neno "amefilisika" hapa halimaanishi kwamba mahakama imekwisha kumtangaza hivyo. Yatosha kwamba ameacha kulipa madeni yake kama ilivyo kawaida ya biashara, au hawezi kuyalipa yanapofika wakati wake. Na ikiwa mlipatana mifuko 300 nawe umekwisha kutoa 120, waweza kuzishikilia zile 180 zilizobaki, isipokuwa kama mwenendo wako umeonyesha kwamba uliiachilia haki hiyo. Lakini haki hii ni ya bei ya mzigo huo huo. Mteja aliyekulipa taslimu leo kwa mabati mapya, huwezi kumzuilia mabati hayo kwa sababu ya deni la mwaka jana, labda mwe mlikwisha kupatana hivyo.

Haki ya pili ni kuusimamisha mzigo njiani iwapo mnunuzi amefilisika. Hapa lori ni la nani ndilo jambo kubwa. Likiwa lako na dereva ni wako, mzigo bado uko mkononi mwako hata ukifika Ntinda. Likiwa la mchukuzi wa kukodiwa, mzigo uko njiani, nawe waweza kumwamuru aurudishe, mradi taarifa imfikie kabla hajaukabidhi. Likiwa ni lori la mkandarasi mwenyewe aliyelileta kupakia mlangoni kwako, basi mara dereva wake alipofunga turubali mzigo ulikwisha kukabidhiwa. Wauzaji wengi hufurahi mteja anapoleta usafiri wake kwa kuwa wanaokoa mafuta, na hawatambui kwamba kwa deni la mamilioni wameokoa kidogo wakaacha kingi.

Ya tatu ni kuuza tena mzigo uliobaki, baada ya kumpa mnunuzi taarifa kwamba unakusudia kuuza na yeye asilipe katika muda wa kiasi. Mali inayoharibika upesi huuzwa bila taarifa hiyo. Kama saruji inayoanza kuganda wakati wa mvua ni mali inayoharibika upesi, hilo tuwaachie mawakili wabishane; wewe toa taarifa.

Zaidi ya haki hizo tatu, muuzaji anaweza kuweka sharti la maandishi kwamba mali itaendelea kuwa yake mpaka ilipwe bei yote. Sharti la namna hii lilipata sifa Uingereza mwaka 1976, katika kesi ya kampuni ya Kiholanzi iliyomuuzia mnunuzi wa Kiingereza karatasi za aluminiamu, naye akaanguka kabla ya kulipa. Mahakama ya Rufani ililitambua sharti hilo. Miaka mitatu baadaye ikaja kesi inayotuhusu zaidi. Mwaka 1979 mahakama ya Uingereza iliamua juu ya vigae vya mawe vya kuezekea vilivyoletwa mahali pa ujenzi na mwezekaji aliyefanya kazi chini ya mkandarasi mkuu. Halmashauri iliyokuwa ikijenga ilikuwa imekwisha kumlipa mkandarasi mkuu bei ya vigae, mkandarasi akafilisika, na halmashauri ikakataa kumrudishia mwezekaji vigae vyake. Mahakama ikasema vilikuwa bado vyake, na halmashauri ikatakiwa kulipa thamani yake. Maamuzi ya Uingereza hayafungi mahakama za Kampala, lakini hushawishi. Angalia tu kwamba vigae vile vilikuwa bado vimepangwa chini. Vingekuwa vimekwisha kuezekwa, habari ingekuwa nyingine kabisa.

Sasa tuje kwenye kosa linalogharimu watu fedha bure. Mtu akidai, mara nyingi hushauriwa akimbilie ofisi ya ardhi kuweka kaveti, yaani taarifa ya kuzuia ardhi ile isiuzwe wala kuhamishwa. Kaveti ni ya mtu mwenye maslahi katika ardhi yenyewe. Deni la saruji peke yake si maslahi katika ardhi. Kaveti ya namna hiyo huondolewa, na aliyeiweka bila sababu ya maana anaweza kuamriwa amlipe fidia yule aliyemtia hasara. Mama wa mfano wetu angejikuta anadai huku anadaiwa.

Ila kuna njia halali ya kuyapata maslahi hayo. Sheria ya uandikishaji wa hati inamruhusu mwenye ardhi kuiacha hati yake, ile tunayoiita ekyapa, kwa mkopeshaji kwa nia ya kuiweka rehani. Rehani hiyo humpa mkopeshaji maslahi katika ardhi, naye hutakiwa aweke kaveti kuilinda. Kwa hiyo mkandarasi anayetaka mzigo mkubwa kwa mkopo anaweza kuombwa hati ya kiwanja chake mwenyewe. Na hapa kurasa za nyumbani zina neno la kuongeza. Ikiwa kiwanja hicho ndicho chenye nyumba anamokaa na mke wake, au ndicho kinachowalisha, sheria inataka mke huyo akubali kwa hiari yake kabla ya rehani. Saini ya mume peke yake haitoshi, na hati iliyotolewa kabatini usiku bila mama mwenye nyumba kujua ni rehani itakayokuja kukuangukia mahakamani. Mwite, asome au asomewe kwa lugha anayoielewa, atie saini mbele ya shahidi. Kadhalika, kwa mali zinazohamishika, kama mashine ya kukorogea zege au lori la mkandarasi, sheria ya mwaka 2019 ilifungua daftari linalosimamiwa na URSB ambamo mkopeshaji huandikisha dhamana yake, na wengine wakitafuta wanaiona.

Mkataba uwe wa maandishi. Hili si ushauri wa adabu tu. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka maandishi kwa mkataba wowote unaozidi shilingi 500,000, na mabati ya chumba kimoja na varanda huweza kupita hapo. Ahadi ya mtu kumdhamini mwingine nayo lazima iandikwe. Mwenye nyumba akikuambia kwa mdomo, "Mpe tu, mimi nipo," jua kwamba hayupo mpaka atie saini. Mkandarasi akiwa ni kampuni, deni ni la kampuni, si la bwana anayekuja dukani na gari zuri. Mtake mkurugenzi mwenyewe adhamini kwa jina lake. Hati ya kupokelea mzigo isainiwe na mtu ambaye jina lake linasomeka, na mahali pa ujenzi pawe pametajwa. Ujumbe wa WhatsApp pia usifutwe, kwani tangu sheria ya mwaka 2011 ya shughuli za kielektroniki mahakama huupokea kama ushahidi.

Maji yakishamwagika, mahakama zipo. Kanuni za madai madogo za mwaka 2011 ziliweka njia nyepesi kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10, na madeni ya bidhaa yamo. Humo hakuna mawakili. Unasimama mwenyewe na karatasi zako. Hakimu mkuu husikiliza madai hadi milioni 50, na makubwa zaidi huenda Mahakama Kuu, ambayo ina divisheni yake ya biashara hapo Nakasero. Ukishapata hukumu, usikimbilie kutafuta viti na televisheni za mkandarasi tu. Uliza nani anamdaiwa yeye. Ikiwa mwenye nyumba wa Kira bado hajamaliza kumlipa, mahakama inaweza kuamuru fedha hizo zije kwako moja kwa moja. Hiyo ndiyo njia iliyo karibu zaidi na ile ya Maryland, nayo hufaa tu kama bado kuna kitu kilichobaki kulipwa. Ndiyo maana kuchelewa ni hatari. Deni la mkataba hudaiwa ndani ya miaka 6. Lakini waliouza vifaa kwa ujenzi wa serikali wana miaka 3 tu, na wengi huimaliza wakiahidiwa kwamba malipo yamo katika bajeti ya mwaka ujao.

Kwa jumla, nikiulizwa na mwenye stoo achague kinga moja, ningemwambia aende na mkandarasi kwa mwenye nyumba kabla ya lori la kwanza kuondoka. Wenye nyumba wengi hukubali wakielezwa, kwa kuwa nao wanahofu kazi kusimama katikati. Karatasi yenyewe si ndefu. Wasomaji wanaweza kuinakili hivi, wakamwonyesha wakili wao kama deni ni kubwa:

"Mimi mwenye nyumba inayojengwa mahali palipotajwa hapo juu nakubali kwamba vifaa vilivyoorodheshwa nitavilipia mwenyewe moja kwa moja kwa muuzaji, ndani ya siku 14 baada ya kuletewa ankara pamoja na hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa. Mimi mkandarasi nakubali kwamba kiasi hicho kikatwe katika malipo yangu. Vifaa vitaendelea kuwa mali ya muuzaji mpaka vitakapolipiwa au vitakapotumika katika jengo, na kabla ya hapo muuzaji anaruhusiwa kuingia mahali pa ujenzi mchana na kuvichukua." Kisha saini tatu, tarehe, na jina la shahidi wa kila upande.